Mkimbiaji na Njia Yake: Habari za Kanuni Moja ya Softiboli

Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia aliwauliza habari za mtu aliyewazuia walipokuwa wakikimbia vema. Wajuao Kiyunani husema ya kuwa neno alilolitumia mahali pale lina maana ya kukata njia, kama askari wachimbavyo barabara ili adui asipite, au kama mshindani aingiavyo ghafula mbele ya mwenziwe katika mbio. Basi jambo hili ni la kale. Tangu watu walipoanza kushindana mbio wamekuwako walioshindwa kwa miguu wakataka kushinda kwa kizuizi. Na tangu hapo wamekuwako waamuzi waliopaswa kusema, Huyu amezuiwa, au, Huyu hakuzuiwa, ila amechoka.

Leo nataka kueleza habari za kizuizi hicho katika mchezo wa Kimarekani uitwao softiboli, ambao siku hizi huchezwa hata Uganda na Kenya. Mtu ataniuliza, Kanuni ya mchezo wa mbali yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu historia yake yaonyesha jinsi watu walivyohangaika miaka mingi na swali ambalo kila mzee wa baraza amekutana nalo: mwamuzi ahukumu nia ya mtu, au ahukumu lile lililompata mwenziwe?

Asiyeujua mchezo na afikiri uwanja wenye vituo vinne, vilivyopangwa mfano wa mraba uliosimama juu ya pembe yake. Pembe ya chini huitwa nyumbani. Hapo husimama mpigaji na gongo lake. Mtupaji humrushia mpira kwa mkono wa chini. Mpigaji akiupiga, huliacha gongo na kukimbia kituo cha kwanza, na cha pili, na cha tatu, hata arudi nyumbani. Akifika salama, upande wake umepata alama moja. Walinzi wa upande wa pili, wenye glavu za ngozi mikononi, hufanya bidii kuupata mpira na kumgusa nao kabla hajakanyaga kituo. Akiguswa, ametoka. Toka kituo hata kituo ni futi 60, na msichana mwepesi humaliza mwendo huo kwa muda wa kama sekunde tatu. Katika besiboli, ambayo ni kaka yake softiboli, mwendo ni futi 90. Kwa hiyo katika softiboli mambo hutukia karibu karibu na kwa haraka, na miili hukutana upesi.

Mchezo huu ulizaliwa mjini Chicago, tarehe 24 Novemba 1887, siku ambayo Wamarekani humshukuru Mungu kwa mavuno. Vijana kadha wa kadha waliosoma katika vyuo vya Harvard na Yale walikutana katika nyumba ya chama cha wapiga makasia kiitwacho Farragut, wakingoja simu iwaletee habari za mashindano ya vyuo vyao. Habari ilipofika ya kuwa Yale wameshinda, kijana mmoja kwa furaha aliokota glavu ya ngumi akamrushia mwenziwe, na mwenziwe akaipiga kwa fimbo. George Hancock aliyekuwapo aliona katika mzaha ule mchezo mzima. Aliifunga ile glavu kwa kamba zake ikawa mviringo, akachora vituo sakafuni kwa chaki, wakacheza besiboli ndani ya nyumba, nje kukiwa na baridi. Mwaka wa 1889 kanuni zake zilikwisha pigwa chapa. Mnamo 1895 mzima moto mmoja wa Minneapolis, Lewis Rober, aliwafanyia watu wake mchezo wa namna hiyo hiyo katika uwanja mdogo kando ya kituo chao, ili wasikae bure wakingoja kengele ya moto. Kila mji ukaupa jina lake. Wengine waliuita mpira wa paka mdogo, wengine mpira wa boga. Jina la softiboli lilitolewa mwaka wa 1926 na Walter Hakanson wa Denver, mtumishi wa Chama cha Vijana wa Kikristo. Mwaka wa 1933 yalifanyika mashindano makubwa Chicago wakati wa maonyesho ya mji, na chama cha nchi nzima kikaundwa. Mwaka uliofuata wakakaa wajumbe kutunga kanuni moja kwa wote. Maana kabla ya hapo hata ukubwa wa mpira haukuwa mmoja.

Lakini kanuni ya kuziba njia haikuzaliwa Chicago. Softiboli iliirithi kwa kaka yake, na kaka aliipata kwa taabu.

Katika miaka ya 1890 palikuwa na timu ya besiboli ya Baltimore iliyosifiwa na kuogopwa. Ilishinda ubingwa wa ligi yake mwaka wa 1894, na wa 1895, na wa 1896. Mlinzi wa kituo chake cha tatu alikuwa John McGraw, mtu mfupi mwenye akili kali na ulimi mkali zaidi. Siku zile mara nyingi mwamuzi alikuwa mmoja tu kwa uwanja mzima, na mtu mmoja hana macho kisogoni. Mwamuzi alipogeuka kuutazama mpira uliokwenda mbali, McGraw alimshika mkimbiaji mshipi wa suruali, akamchelewesha nukta moja au mbili, kisha akamwachilia. Nukta mbili zatosha. Mwamuzi alipogeuza uso tena, aliona mkimbiaji mzito wa miguu na mlinzi asiye na hatia. Yasimuliwa ya kuwa siku moja mkimbiaji aitwaye Pete Browning, akijua atakalotendewa, alifungua mshipi wake mapema. Mpira ulipopigwa alikimbia nyumbani, na McGraw akabaki amesimama kituoni na mshipi mkononi. Ni hadithi ya wazee wa mchezo, na hadithi za namna hii hunenepa njiani. Walakini wachezaji wa siku zile hawakuona ajabu kuisikia.

Dawa ya ugonjwa huo haikuwa kanuni mpya, bali macho mengine. Waamuzi wakaongezwa wakawa wawili, kisha watatu, na katika mashindano makubwa ya besiboli wanne na zaidi. Mmoja hutazama mpira, mwingine hutazama njia. Hapo mikono ya walinzi ikaacha mishipi ya watu. Ndipo likabaki lile swali gumu zaidi, yaani habari za mlinzi ambaye hakumshika mtu, wala hakukusudia ubaya, ila mwili wake ulikuwa pale ambapo mkimbiaji alitaka kupita.

Mfano ulio mashuhuri kupita yote ni wa besiboli, nao haukutokea zamani. Tarehe 26 Oktoba 2013, mjini St. Louis, timu ya mji huo ilikuwa ikishindana na Boston katika mashindano ya ubingwa. Ilikuwa zamu ya tisa, ya mwisho, na alama zilikuwa nne kwa nne. Mdakaji wa Boston aliutupa mpira kituo cha tatu ili kumtoa Allen Craig. Mpira ukaenda upande. Mlinzi wa kituo, Will Middlebrooks, alijitupa kuukamata akaukosa, akaanguka kifudifudi. Craig aliinuka kukimbia nyumbani, akajikwaa juu ya mwili wa yule aliyelala, akaanguka, akaondoka tena akichechemea. Mpira ulimtangulia nyumbani, akaguswa. Lakini mwamuzi wa kituo cha tatu, Jim Joyce, alikuwa amekwisha onyesha ishara, na mwamuzi wa nyumbani, Dana DeMuth, akatoa hukumu: salama, kwa sababu njia ilizibwa. St. Louis wakashinda, tano kwa nne, na mchezo ukaisha pale pale.

Watu wa Boston walikasirika sana. Middlebrooks angefanya nini? Hakuwa na pa kwenda. Alikwisha anguka, na mtu aliyeanguka hawezi kuyeyuka. Hayo yote ni kweli, nayo hayakuhusu. Kanuni haiulizi kama mlinzi alikusudia. Yasema ya kuwa mlinzi aliyejaribu kuupata mpira akaukosa, haki yake imekwisha. Akiendelea kulala na kumchelewesha mkimbiaji, amemzuia. Joyce alihukumu lililompata Craig. Naye Joyce ni mtu aliyejua uchungu wa hukumu. Mwaka wa 2010, mjini Detroit, alikosea katika kituo cha kwanza na kumnyang'anya kijana mmoja mtupaji, Armando Galarraga, sifa ambayo watupaji wachache mno wameipata. Usiku ule ule alikiri kosa lake, na kesho yake yule kijana alimpa mkono mbele ya watu wote. Boston, kwa upande wao, walishindwa siku ile ya 2013, lakini mashindano yenyewe waliyashinda.

Sasa turudi kwa softiboli. Kanuni yake ya leo ni fupi, na ugumu wake wote umo katika kuitumia. Mlinzi asiye na mpira mkononi, wala hayumo katika kuushughulikia mpira uliopigwa kwa gongo, akimpinga mkimbiaji, amemzibia njia. Maneno ya katikati yasirukwe. Mpira ukipigwa kwa gongo ukamjia mlinzi, njia ni yake. Mkimbiaji ndiye apaswaye kumkwepa, na akimgonga, mkimbiaji ametoka. Lakini mpira ukitupwa na mlinzi mwingine, njia ni ya mkimbiaji mpaka mpira uwemo glavuni. Kwa hiyo njia haina mwenyewe mmoja. Hupokezanwa, na mara nyingine hubadilika mikono mara mbili katika muda wa kupepesa macho.

Zamani kulikuwa na udhuru mwingine. Mlinzi aliyekuwa karibu kuupokea mpira uliotupwa aliruhusiwa kusimama njiani, hata kama mpira haujamfikia. Jambo hili laonekana kuwa la haki, maana mtu atawezaje kuupokea mpira asiposimama unakokuja? Lakini fikirini kazi aliyopewa mwamuzi. Mpira waja kutoka upande wa kulia; msichana aja mbio kutoka upande wa kushoto; mlinzi yu katikati. Neno karibu lina urefu gani? Ni hatua moja, au kumi? Waamuzi walifundishwa kupima kama mpira ulikuwa karibu na mlinzi kuliko mkimbiaji alivyokuwa, lakini mpira na mtu huenda kwa mwendo usiolingana, na mwamuzi ana jozi moja ya macho. Kila mlinzi aliyesimama njiani alijitetea kwa neno lile lile: Nilikuwa karibu kuupokea. Mwanzoni mwa karne hii, chama kikubwa cha softiboli cha Marekani, kile kilichoundwa mwaka wa 1933, kiliufuta udhuru huo, na kanuni za mashule zikafuata. Una mpira au huna. Wako waonao ya kuwa ni ukali, maana mdakaji aweza kuvutwa njiani na mpira uliotupwa vibaya na mwenziwe, akahukumiwa kwa kosa lisilo lake. Mimi naona ukali huo ni bora kuliko ukungu ule wa kwanza. Aliyetupa vibaya na aliyevutwa njiani ni wa upande mmoja. Mkimbiaji hana sehemu katika kosa lao, basi kwa nini alilipe yeye?

Tena ukungu ule ulikuwa na gharama ya mifupa. Katika besiboli, tarehe 25 Mei 2011, mdakaji wa San Francisco aitwaye Buster Posey alivunjwa mguu na mkimbiaji aliyemwendea nyumbani kama fahali, na besiboli ikangoja mpaka mwaka wa 2014 ndipo ikaandika kanuni ya kumkataza mkimbiaji kumwendea mdakaji kwa makusudi, na kumkataza mdakaji asiye na mpira kuziba mlango. Katika softiboli mkimbiaji amgongaye kwa nguvu, hali amesimama wima, mlinzi mwenye mpira hutolewa.

Lipo kosa moja ambalo watazamaji hulifanya karibu kila mchezo, nalo ni kudhani ya kuwa mlinzi akisimama tu juu ya kituo pasipo mpira, kosa limekwisha tendeka. Halijatendeka bado. Lazima mkimbiaji apate hasara: apunguze mwendo, au apinde njia, au asite. Mlango uliofungwa si kosa ikiwa hakuna aliyefika kuupita. Na lipo la pili, kudhani ya kuwa kila aliyezibiwa njia hupewa kituo kimoja cha mbele. Sivyo. Hupewa kile ambacho, kwa maoni ya mwamuzi, angalikipata kama asingalizuiwa. Huenda kikawa kituo cha mbele ya hicho, huenda kikawa kile kile alichotoka. Hapa ndipo kazi ya mwamuzi inapofanana na kazi ya mwandishi wa historia: atakiwa kueleza jambo ambalo halikutukia.

Namna afanyavyo ni hii. Aonapo njia imezibwa, hanyamazishi mchezo. Hunyosha mkono wake wa kushoto ubavuni, umelingana na bega, ngumi imefungwa, na mambo yaendelea. Mkimbiaji huenda haioni ngumi ile. Huendelea kukimbia, na walinzi huendelea kuutupa mpira. Katika nafasi hiyo mwamuzi huweka moyoni kituo kimoja, ambacho ndicho ulinzi wake kwa mkimbiaji. Mkimbiaji akiguswa kabla ya kukifikia, mwamuzi huusimamisha mchezo na kumweka hapo. Tena hawezi kutolewa kati ya vituo viwili ambamo alizuiwa, isipokuwa kwa makosa yake mwenyewe, mathalan kumpita mkimbiaji mwenziwe aliye mbele, au kukiruka kituo pasipo kukikanyaga. Lakini akivuka kituo alichowekewa na kuendelea kwa tamaa yake, amejihatarisha, na akiguswa, ametoka kweli. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya jambo hili hata jua likachwa. Mwamuzi asiyekiweka kituo moyoni mapema, bali angoja aone mambo yatakavyokwisha ndipo aamue, hujikuta anahukumu kwa kelele za watazamaji.

Haya yote ni ya mwili kuziba njia. Sasa nafika kwenye kosa ambalo mwili hauzibi kitu, nalo ni mguso wa uongo.

Tuseme msichana yu kituo cha kwanza. Mwenziwe ameupiga mpira, nao umepita katikati ya walinzi wa nyuma na kuviringika mbali. Msichana akimbilia kituo cha pili, macho yake mbele, mpira nyuma yake. Mlinzi wa kituo cha pili hana mpira, wala mpira hauji kwake. Walakini ainama, aweka glavu tupu chini karibu na kituo, kama mtu aliyekwisha upokea na kumngoja amguse. Msichana afikiri nini? Aona glavu, aona mgongo ulioinama. Ajitupa chini, ateleza kwa miguu kituoni akiwa amechelewa kuanza. Vumbi latulia. Hakuna mpira. Angalikuwa amefika kituo cha tatu, labda nyumbani. Tena huenda haondoki, maana aliyejitupa kwa ghafula bila kujiandaa aweza kuteguka kifundo cha mguu.

Hapo mlinzi hakumgusa, wala hakusimama mbele yake. Njia ilikuwa wazi toka mwanzo hata mwisho. Kilichozibwa ni maarifa yake ya njia. Torati ilipokataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu ilijua tofauti hiyo: kikwazo chaweza kuwa kidogo mno, na uovu wake wote ukawa katika kwamba aendaye haoni. Watunga kanuni wa softiboli waliuweka mguso wa uongo katika fungu lile lile la kuziba njia. Wakaandika tena jambo la busara: si lazima mkimbiaji asimame, wala si lazima ajitupe chini, kupunguza mwendo tu kwaweza kutosha. Kanuni za mashule zaongeza ya kuwa kuzuia kwaweza kuwa kwa mwili au kwa neno, kwa kusudi au pasipo kusudi, basi hata ukelele wa kumpoteza mkimbiaji wahesabiwa. Na kwa sababu mguso wa uongo hauwezi kuwa ajali, timu huonywa, na arudiaye baada ya onyo huondolewa uwanjani.

Tazameni jinsi kanuni ilivyozunguka. Habari za mwili, ilikwisha acha kuuliza nia, ikauliza hasara peke yake. Kwa mguso wa uongo yauliza hasara ili kumpa mkimbiaji kituo, kisha yaiadhibu nia iliyo nyuma yake. Mwamuzi yule yule, katika mchezo ule ule, yampasa kusahau nia saa tatu na kuikumbuka saa nne.

Besiboli haikuenda njia hiyo. Huko hila nyingi za namna hii husifiwa. Tarehe 27 Oktoba 1991, katika mji ule ule wa Minneapolis wa mzima moto Rober, Minnesota na Atlanta walikuwa katika mchezo wa saba, wa mwisho, wa ubingwa. Zamu ya nane, hakuna alama upande wowote. Lonnie Smith wa Atlanta alikuwa kituo cha kwanza. Terry Pendleton aliupiga mpira mbali sana upande wa kushoto. Smith alikimbia kuelekea kituo cha pili, na Chuck Knoblauch, mlinzi kijana, akafanya kama anauokota mpira chini na kumtupia mwenziwe Greg Gagne, naye Gagne akaja kituoni kana kwamba anaupokea. Mikononi mwao hamkuwa na kitu. Smith akasita kituo cha pili, akitazama huku na huku. Mpira ulipoonekana umegonga ukuta alikwenda cha tatu tu. Hakufika nyumbani tena zamu ile. Minnesota walishinda katika zamu ya kumi, moja kwa sifuri. Yaani alama ile moja ya Smith, kama ingalipatikana, huenda ingalitosha.

Je, mwamuzi wa softiboli angalisema nini? Wengi hujibu upesi ya kuwa angalinyosha ngumi. Mimi sijibu upesi. Knoblauch aliigiza kuokota na kutupa, hakuigiza mguso. Kanuni ya mguso wa uongo iliandikwa kwa ajili ya glavu tupu ishushwayo mbele ya miguu ya mtu anayekuja, kwa kuwa humfanya ajitupe, na kujitupa kuna hatari. Kujifanya kutupa ni hila ya mbali. Mkimbiaji ana nafasi ya kugeuza shingo, au kumtazama mwalimu wake wa timu asimamaye kando ya kituo cha tatu akimpungia mkono. Kwa hiyo wako waamuzi waachao kuigiza kutupa na kuhukumu kuigiza kugusa, nami naona wana haki. Lakini jambo la pili ni gumu kuliko hilo. Smith mwenyewe alieleza baadaye ya kuwa alisita kwa sababu hakuuona mpira ulikokwenda, wala si kwa sababu ya wale wawili. Ikiwa ni hivyo, basi uongo ulisemwa na haukumdanganya mtu. Hasara yake ilitoka machoni pake mwenyewe.

Hili ndilo fundo la kanuni yote. Mwili ukimgonga mtu, alama hubaki: ameanguka, amepinda, amesimama. Uongo haubakizi alama. Mwamuzi aona vitu viwili tu, glavu iliyoshuka na mwendo uliopungua, na kati ya hivyo viwili pana moyo wa mtu ambao hauoni. Msichana aweza kupunguza mwendo kwa sababu ameona glavu. Aweza pia kupunguza kwa sababu amekanyaga vibaya, au ameishiwa pumzi, au amesikia sauti ya mwalimu wake. Kanuni ilipotaja kupunguza mwendo ilimwambia mwamuzi asiuchunguze moyo, atazame miguu. Glavu imeshuka, miguu imelegea, mambo mawili yamefuatana, yatosha. Huenda mara moja moja akampa kituo msichana asiyestahili. Aliyeshusha glavu tupu hana uso wa kulalamika juu ya hilo.

Kwa nini jambo hili limekazwa katika softiboli kuliko besiboli? Nadhani sababu moja ni ufupi wa njia, niliyoitaja mwanzo. Sekunde tatu hazimpi mtu nafasi ya kutambua kuwa amedanganywa. Sababu nyingine ni wachezaji wenyewe. Mwaka wa 1972 Marekani ilitunga sheria ya kukataza ubaguzi kati ya wavulana na wasichana katika shule zipatazo fedha ya serikali kuu, na baada yake softiboli ya wasichana ikaenea sana mashuleni na vyuoni. Tangu mwaka wa 1982 vyuo vina mashindano yao makubwa ya wanawake chini ya chama kimoja. Mchezo wa mamilioni ya fedha waweza kusema ya kuwa mtu mzima amlinde nafsi yake. Mchezo wa shule una wazazi walioketi kando ya uwanja, na mtoto wa miaka kumi na mitano aliyeteguka mguu kwa sababu ya mzaha ni jambo ambalo mwalimu lazima alieleze nyumbani kwake.

Limebaki shauri moja ambalo waamuzi hawajapatana. Mlinzi ameshusha glavu tupu, lakini msichana ni mwerevu. Hakuonyesha kujali, hakupunguza hata hatua, amepita kituo cha pili na kufika cha tatu. Wengine husema uongo umetendwa, na umetosha. Wengine, nao hushika maneno ya kanuni yenyewe yaliyotaja kuzuiwa, husema hakuna aliyezuiwa, basi hakuna kituo cha kutoa wala mkono wa kunyosha. Hao wa pili humwacha mkimbiaji alipo, na mchezo ukikatika, humwendea mwalimu wa timu ile na kumwambia kwa sauti ndogo, glavu ile nimeiona.